Mkopo wa asilimia mbili haujengi njia ya kiti mwendo

Jirani yangu anashona viatu chini ya mwembe, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Anatembelea baiskeli ya matairi matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Siku moja alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mlangoni pana ngazi tatu, na kwa baiskeli ile ngazi tatu na ghorofa tatu ni kitu kimoja. Mtendaji akatoka kumsikiliza nje, juani. Kabla jirani hajafungua mdomo, mtendaji akamuuliza: "Kaka, umekuja kwa ajili ya mkopo?"

Hakuja kwa ajili ya mkopo. Alikuja kusema kwamba mfuniko wa mtaro mbele ya kibanda chake umeibwa, na tangu hapo analazimika kuzunguka kwa kupita barabara kubwa, katikati ya bodaboda. Akajibiwa kwamba mtaro si wa mtaa wala si wa halmashauri. Akarudi na shida yake, ila sasa ameongezewa fomu ya mkopo mkononi.

Mtendaji yule hakuwa mtu mbaya, na kuhusu mtaro alisema kweli. Ila swali lake la kwanza ndilo mkanganyiko wenyewe. Tanzania Bara, ukitaja halmashauri na watu wenye ulemavu kwa pamoja, kila mtu anafikiria ile asilimia mbili ya mapato ya ndani inayotengwa kuwakopesha. Sheria inadai mengi zaidi ya hapo, na mengi hayo hayana uhusiano wowote na kukopa.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Hiyo ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake. Kwa mujibu wa sheria ya 2010, mamlaka ya serikali ya mitaa ina wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu waliomo katika eneo lake. Majengo na huduma za umma zifikike. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na halmashauri hazikusamehewa. Pia kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji au mtaa, kisha kata, halmashauri hadi mkoa. Ukitaka kujua kama kamati ya kwenu ipo kweli, usiulize kama imeundwa, maana jibu litakuwa ndiyo. Omba muhtasari wa kikao chake cha mwisho.

Daftari

Mambo yote huanzia kwenye daftari la mtaa au kijiji. Jina lako lisipokuwemo, ngazi za juu zinapanga bajeti kana kwamba hujazaliwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya tisa. Kwa hesabu hiyo, mtaa wenye watu 3,000 wa umri huo ungetarajiwa kuwa na zaidi ya 330. Sasa nenda ukafungue daftari la mtaa wenu. Ukikuta hamsini, mshukuru mtendaji.

Tofauti hii haiji kwa uvivu peke yake. Sensa iliuliza juu ya ugumu: unapata shida kuona, kusikia, kutembea au kukumbuka? Mwandishi wa daftari anaandika anachokiona. Anayetumia kiti mwendo anaonekana, mwenye fimbo nyeupe anaonekana, mwenye ualbino anaonekana. Bibi ambaye masikio yamekufa polepole anaitwa mzee tu. Kijana mwenye ulemavu wa akili nyumbani kwao wanasema "yule mpole". Na wapo wazazi wanaomficha mtoto chumba cha uani mgeni akibisha hodi, kwa aibu ambayo hakuna kanuni itakayoifuta kwa tangazo. Mtoto huyo haandikwi, na asipoandikwa hakuna afisa elimu atakayejua kwamba mwakani anatakiwa awe darasa la kwanza.

Madirisha mawili na zaidi

Ukishaandikwa, unakwenda wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza nauli. Katika halmashauri hakuna ofisi moja inayobeba kila kitu kinachohusu ulemavu. Mikopo iko Maendeleo ya Jamii. Utambuzi, barua ya msamaha wa matibabu, ufuatiliaji wa vifaa saidizi kama magongo na viti mwendo, na mashauri ya unyanyasaji viko kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye katika muundo wa sasa yuko ndani ya divisheni ya afya, ustawi wa jamii na lishe. Mtoto wa shule yuko kwa afisa elimu maalumu. Jengo lisilopandika liko kwa mhandisi. Zabuni ziko kitengo cha ununuzi.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto kiziwi anayehitaji shule, matibabu na mtaji wa genge ana milango mitatu ya kugonga, na kwenye kila mlango ataanza upya: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, tatizo lilianza lini. Ningekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu, ningeanza na hilo kabla ya kuongeza hata shilingi. Mtu mmoja pale mapokezi, mwenye orodha ya nani anashughulikia nini, na anayejua lugha ya alama angalau ya salamu na maelekezo.

Kisha kuna yale ambayo halmashauri haina mamlaka nayo. Barabara za mitaa na mitaro yake, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini, tangu sheria ya 2019, ni kazi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mfuniko wa jirani yangu, au kile kilula cha maji kilichojengewa ukuta wa kuzuia ng'ombe na kikamzuia na mwenye magongo, hupelekwa kwa meneja wa wakala katika wilaya. Hata hivyo "si letu" ni jibu la nusu. Mtendaji anaweza kuandika barua na kugonga muhuri, na diwani anaweza kulisemea jambo hilo kwenye baraza. Mwenye baiskeli ya kuzungusha kwa mikono ndiye wa mwisho kutakiwa kuzunguka ofisi kwa ofisi.

Hesabu ya asilimia mbili

Sasa tuje kwenye mkopo wenyewe, maana una mambo yake. Zamani halmashauri zilielekezwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake na vijana, nusu kwa nusu. Mwaka 2018 jambo hilo likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, na mgawo ukawa asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Tena mtu mwenye ulemavu ameruhusiwa kukopa peke yake bila kikundi, na ruhusa hiyo ina maana kubwa. Kijijini, kupata viziwi watano wanaoaminiana na kufanya biashara ya aina moja ni kazi kuliko biashara yenyewe.

Lakini asilimia mbili ya nini? Ya mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, stendi, mazao, leseni na kadhalika, baada ya kutoa yale mapato lindwa ambayo tayari yana kazi yake. Fedha za kutoka Hazina hazimo. Chukua mfano wa halmashauri ya vijijini inayobakiwa na bilioni 1 kwa mwaka. Asilimia mbili ni milioni 20. Ukikopesha milioni 1 kwa mtu, wamepata watu ishirini, wilaya nzima. Jiji linalobakiwa na bilioni 60 lina bilioni 1.2 ya kazi hiyo hiyo. Wawili wenye ulemavu ule ule, umri ule ule na ufundi ule ule wanatofautiana kwa jambo moja: mmoja kazaliwa penye stendi kubwa, mwenzake kazaliwa penye mnada wa mbuzi wa mara moja kwa wiki.

Na fedha hizi zina historia ya kuyumba. Aprili 2023 serikali ilisitisha utoaji wa mikopo yote ya asilimia 10 baada ya ukaguzi wa CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Kwa zaidi ya mwaka dirisha likafungwa. Lilifunguliwa tena mwaka wa fedha 2024/25 kwa kanuni mpya, huku halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, na wilaya kama Siha na Nkasi. Waliokula fedha kwa vikundi hewa walipata hasara ndogo kwa kufungwa huko. Aliyeumia ni yule aliyekwisha kurejesha mkopo wa kwanza na kusubiri wa pili.

Iko nafasi nyingine ambayo haizungumzwi sana: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri hununua madawati, sare, chakula cha vikao na usafi wa majengo. Tenda kama hizo zina faida kuliko mkopo kwa sababu mteja yupo tayari. Ugumu ni kwamba maombi hupita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na kikundi cha mafundi seremala kisicho na mtu wa kompyuta kitaiona zabuni ikiwa imeshafungwa. Maendeleo ya Jamii wangewakalisha siku mbili na kuwaandikisha, wangekuwa wamefanya kazi ya mikopo kumi.

Tatizo langu na asilimia mbili ni nafasi iliyoikamata katika vichwa vya watu. Kwenye taarifa ya utekelezaji, mbele ya madiwani, mstari wa "watu wenye ulemavu" unajazwa kiasi kilichokopeshwa, na basi. Mkopo ni deni; utarudishwa. Njia ya kuingilia zahanati ni wajibu, nayo inahitaji kifungu chake kwenye bajeti. Kumkopesha mtu hela ya cherehani na kumwacha nje ya mlango wa ofisi anayotakiwa kurejesha marejesho hakuitwi ujumuishi.

Zege na vipimo

Njia ya mteremko, au rampu kama mafundi wanavyoiita, ina kipimo. Kinachotumika sana duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Zidisha: unahitaji mita 5 na sentimita 40. Nyingi ninazoziona zina mita mbili. Kwa kimo hicho, njia ya mita mbili inapanda sentimita moja kwa kila nne na nusu hivi. Mwenye kiti mwendo hawezi kuipanda peke yake, na akisukumwa anaweza kupinduka chali. Mkaguzi akipita anaandika: ipo.

Choo nacho ni hivyo hivyo. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hadi 70, kwa hiyo mlango wa sentimita 70 unamkwaruza mtu vidole. Inatakiwa 90, mlango ufungukie nje, na ndani pawe na nafasi ya kugeuka ya mita moja na nusu. Nimewahi kuona choo cha shule chenye vyote hivyo, na vyuma vya kushikilia vimepakwa rangi ya buluu, kizuri kabisa. Kati ya darasa na choo palikuwa na uwanja wa mchanga laini wa hatua sitini. Tairi jembamba la kiti mwendo kwenye mchanga huo linazama kama jembe. Waliojenga darasa hawakukosea, waliojenga choo hawakukosea, ila hapakuwa na aliyeulizwa kuhusu hatua sitini.

Halmashauri ina silaha moja hapa, na haina gharama: kibali cha ujenzi. Mchoro wa benki, hoteli au zahanati binafsi hupita mezani kwake kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mhandisi akikataa mchoro usio na njia, mwenye jengo atarekebisha kwa penseli. Akiupitisha, miaka mitano baadaye marekebisho ni kwa nyundo na saruji, na hapo kila mtu atalia hana bajeti.

Kwenye shule na hospitali gharama ni ndogo ndogo, na udogo huo ndio unaofanya zisahaulike. Mashine ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ya kusoma kwa vidole, ina vitufe sita vya nukta, kila kitufe nukta yake. Kitufe cha nukta ya kwanza kikikwama, herufi zinazobaki ni i, j, s, t na w. Mtoto asiyeona hawezi kuandika hata jina la mama. Kukitengeneza hakuhitaji mradi wa mfadhili. Kunahitaji mwalimu mkuu anayejua kwamba fedha za ukarabati wa shule hazikuandikiwa vioo vya madirisha peke yake. Mafuta ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino nayo si kipodozi. Saratani ya ngozi inawaua mapema, na pale KCMC, Moshi, mafuta hayo yanatengenezwa hapa hapa nchini. Kinachotakiwa ni mfamasia wa wilaya ayaweke kwenye oda yake kama anavyoweka dawa ya malaria, na ajue idadi ya wahitaji. Idadi ataitoa wapi? Kwenye daftari.

Nani anakaa kwenye baraza

Majirani zetu wamefanya tofauti. Uganda, sheria ya serikali za mitaa ya 1997 inaweka madiwani wawili wenye ulemavu katika baraza la wilaya, mmoja wao mwanamke. Kenya, katiba ya 2010 inataka bunge la kaunti liwe na wajumbe wa kuteuliwa wanaowakilisha makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu. Kwetu Bara hakuna kiti cha namna hiyo kwenye baraza la madiwani. Mtu mwenye ulemavu anaingia kwa kura za kata kama mwingine yeyote, au kupitia viti maalumu vya wanawake. Zile kamati zinashauri, hazipigi kura. Sidai kwamba kiti kimoja kinajenga njia. Ila ni vigumu bajeti ya ukarabati wa ukumbi kupita bila neno ikiwa mjumbe mmoja kabebwa mgongoni kuingia humo ndani.

Wasio na kiti wamebaki na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti yake hupikwa mapema sana: vipaumbele huibuliwa kwenye vijiji na mitaa miezi ya mwisho ya mwaka, vinapita kamati ya maendeleo ya kata, na baraza la madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Ombi la njia ya zahanati lililoandikwa Aprili limechelewa, hata likiwa na picha na saini mia mbili. Lililosemwa kwenye mkutano wa mtaa mwezi Oktoba, likaingia kwenye muhtasari, lina njia ya kufika juu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, nao ni mahali pa kulisema, ilimradi usifanyikie ghorofani na awepo wa kutafsiri kwa lugha ya alama.

Jirani yangu alihudhuria mkutano kama huo, mwezi Oktoba, uwanjani. Alisema mambo mawili na akamsimamia mwandishi mpaka akayaandika: barua kwa TARURA kuhusu mtaro, na njia ya kuingilia ofisi ya mtaa. Mtaro umefunikwa kwa mbao; bado tunasubiri zege. Ile njia ilianza kujengwa mwaka uliofuata. Fundi alishapanga mawe ya mita mbili jirani alipofika na ile futi yake ya kupimia nyayo za wateja. Akapima ngazi, akahesabu kwa vidole, akayatazama mawe.

"Mdogo wangu," akamwambia fundi, "hii ni ya kushushia magunia. Vuta mpaka pale kwenye mkorosho."

Fundi akatazama mkorosho, akatazama saruji aliyobakiwa nayo, akamwita mtendaji atoke nje.